Fundo la Ulimi: Nani Mwenye Haki ya Kulisema, na Lini?



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Aliyemuumba mwanadamu na Akampa njia ya kuyaeleza yaliyo moyoni mwake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila anayewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma ba'ad.

Ndugu zangu katika imani, nimeombwa niandike nasaha ya toleo hili, nami nimechagua jambo ambalo sijawahi kulisikia katika mimbari zetu za hapa Bujumbura. Ni jambo la watoto, lakini sisi wanafunzi wa chuo linatuhusu, maana kesho ndio walimu wao, madaktari wao na wazazi wao. Jambo lenyewe ni kigugumizi, na hasa swali hili: mtoto mwenye kigugumizi anapaswa kuwaambia watu lini, na ni nani mwenye haki ya kusema kabla yake?

Ninaandika nikiwa mmoja wao. Nina kigugumizi tangu nikiwa na miaka minne, na wenzangu wa jumuiya waliowahi kunisikia nikitoa tangazo baada ya swala ya Ijumaa wanalijua hilo.

Nabii Musa (A.S.) alisema mwenyewe

Tuanze na Kitabu cha Allah. Katika Surat Taha, kuanzia aya ya 25, Musa (A.S.) amekwishapewa kazi ya kwenda kwa Firaun. Hajapiga hata hatua moja. Anamuomba Mola wake Amkunjulie kifua, Amfanyie jambo lake kuwa jepesi, Amfungue fundo lililo katika ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake, kisha Ampe msaidizi kutoka katika jamaa zake, Harun, ndugu yake. Katika Surat Ash-Shu'araa, aya ya 13, anaeleza kwamba kifua chake kinabana na ulimi wake hauendi. Na katika Surat Al-Qasas, aya ya 34, anasema wazi kuwa ndugu yake ana ufasaha kuliko yeye.

Tuangalie mpangilio wa mambo haya. Kwanza, aliyesema habari za ulimi wa Musa ni Musa. Allah (S.W.) Anajua kila kitu, na ulimi ule ni Yeye Aliyeuumba. Hata hivyo Alimwacha mja wake aseme mwenyewe, kwa maneno yake, katika wakati aliouchagua.

Pili, alisema kabla ya kazi, hakungoja mpaka asimame katika baraza la Firaun maneno yamkwame ndipo aanze kujieleza. Tatu, aliposema, alisema na anachokitaka: kifua kikunjuke, fundo lifunguke, Harun aende naye.

Nne, na hapa pana hekima kubwa, hakuomba ufasaha wa kuwashinda watu wote. Aliomba fundo lifunguke kwa kadiri ya watu kufahamu asemayo. Ibn Kathir katika tafsiri yake ameeleza kwamba Musa aliomba kile tu alichokihitaji kwa kazi yake, na kwamba kwa sababu hiyo kuna kilichobaki katika ulimi wake. Ndiyo maana katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 52, tunamkuta Firaun akimdharau mbele ya watu wake kwamba ni mtu duni ambaye hata kujieleza kwa shida.

Basi jibu la Allah katika Surat Taha, aya ya 36, ni kwamba Musa amekwishapewa alichoomba. Amepewa alichoomba, na bado Firaun akapata la kusema! Ndugu zangu, hapa mtoto mwenye kigugumizi anajifunza kitu ambacho mtu mzima anaweza kumaliza umri wake bila kukijua. Dua inaweza kujibiwa na ulimi ukabaki na uzito wake. Na kejeli ya Firaun haikupunguza chochote katika daraja la Musa, aliyesemeshwa na Mola wake.

Kigugumizi ni nini?

Kabla ya kuhukumu, tujue. Kigugumizi huanza mara nyingi mtoto akiwa kati ya miaka miwili na mitano, pale maneno yanapoanza kuungana kuwa sentensi. Karibu watoto 5 katika kila 100 hupitia hali hiyo kwa muda fulani, na wengi wao huacha wenyewe. Katika watu wazima hubaki takriban mmoja katika kila 100. Wavulana hubaki nacho zaidi kuliko wasichana. Kinarithiwa katika baadhi ya familia, na utafiti wa ubongo umeonyesha kwamba njia zinazoratibu usemi hufanya kazi kwa namna tofauti kidogo kwa wenye hali hiyo.

Hakisababishwi na uongo, wala woga, wala uchache wa akili. Mtoto hakukipata kwa kumwiga jirani. Hakitolewi kwa kumshtua, kumpiga kofi la ghafla au kumfunga hirizi. Woga unaweza kukizidisha kwa saa ile, kama unavyoutetemesha mkono wa mtu yeyote, lakini sio uliokileta. Mtoto anajua anachotaka kusema. Neno liko tayari kichwani, linachelewa kutoka.

Na kina tabia moja inayowachanganya wengi. Hakiji wakati wote. Mtu huyo huyo anaweza kuimba bila kukwama, kuzungumza na mtoto mchanga bila kukwama, na kusoma pamoja na wenzake bila kukwama. Akibaki peke yake mbele ya watu, kinarudi.

Sasa fikirini madrasa zetu. Watoto arobaini wamekaa kwenye mkeka, wanasoma Juzuu Amma kwa sauti moja. Mtoto wetu anasoma kama maji. Maalim anasikia, anafurahi. Kisha anamnyooshea kidole: "Haya, wewe, soma peke yako." Mtoto anafungua mdomo, bismillahi inakwama kwenye herufi ya kwanza. Maalim afikirie nini? Muda mfupi uliopita amemsikia akisoma vizuri. Basi ataona kwamba mtoto anafanya mzaha, au alikuwa anachezesha midomo tu na hakuhifadhi. Fimbo iko karibu. Maalim hana chuki na mtoto. Hukumu yake imekosa habari moja tu, na habari hiyo iko kwa mtoto.

Hapo ndipo swali la kusema au kutosema linapokuwa zito.

"Kaka, wewe uliwaambia lini?"

Kila Jumamosi asubuhi mimi husaidia katika madrasa moja ya Buyenzi. Kuna mvulana wa miaka kumi pale, ambaye sitamtaja jina. Wiki chache kabla ya Ramadhani iliyopita alinifuata nilipokuwa nafunga viatu. Alikuwa amechaguliwa asome Surat Ad-Dhuha siku ya hitma, mbele ya wazazi na mashehe. Alikuwa amenisikia nikikwama mara nyingi nikifundisha. Akaniuliza, kwa taabu yake: "Kaka, wewe uliwaambia lini?"

Hakuniuliza dawa, wala namna ya kuacha. Aliuliza lini. Mtoto wa miaka kumi alikuwa amekwishaelewa kwamba hana amri juu ya ulimi wake, lakini ana amri juu ya wakati wa kusema habari zake.

Nilimweleza kwamba mimi nilimwambia mtu wa kwanza nikiwa na miaka kumi na miwili, rafiki yangu tuliyekuwa tukicheza naye mpira. Nilimwambia kwa sababu alikuwa na tabia ya kunimalizia maneno, na mara nyingi alimalizia siyo. Alinisikiliza, akasema: "Sawa, nitangoja." Na alingoja mpaka leo. Mtu wa pili alikuwa mwalimu mmoja wa sekondari, na huyo alichukua niliyomwambia akayatangaza darasani ili wanafunzi wenzangu "wanihurumie." Alikusudia wema. Lakini kuanzia siku ile ilinibidi niishi na huruma ambayo sikuiomba. Nilimpa yule mtoto habari zote mbili, maana angenilaumu kama ningempa nzuri peke yake.

Kujificha na gharama yake

Wapo watakaosema: kwa nini aseme kabisa? Si anyamaze tu, ajisitiri?

Katika historia yetu yuko mtu aliyejisitiri kwa ustadi wa ajabu. Wasil bin Ataa wa Basra, aliyefariki mwaka 131 Hijria, hakuweza kuitamka herufi ya raa sawasawa. Itikadi yake tuiachie mbali, maana Ahlus-Sunna walimpinga. Tunachukua habari ya ulimi wake, ambayo Al-Jahiz ameisimulia katika Al-Bayan wat-Tabyin. Wasil aliiondoa raa katika mazungumzo yake yote. Kila neno lenye raa alilitafutia jingine lisilo nayo, mpaka akasimama kuhutubia na watu wasitambue.

Watu humsifu kwa hilo, nami sikatai kwamba ni kipaji. Lakini waulizeni wenye vigugumizi, watawaambia kwamba kazi hiyo wanaijua tangu utotoni. Mtoto anaona neno linakuja na anajua litamkwama, basi analikwepa na kushika jingine. Hapa kwetu Burundi nafasi ya kukwepa ni kubwa kuliko kwingine: neno likikwama kwa Kiswahili, analichukua la Kirundi, la Kirundi likikwama, Kifaransa kipo, na sasa hata Kiingereza. Watu wanamsifu kwamba ana lugha nyingi. Hawajui kwamba anakimbia.

Gharama yake ni hii: mtoto anaacha kusema anachokitaka, anasema kinachopita. Dukani anataka sukari, anaomba chumvi. Darasani anajua jibu, anasema hajui. Nguvu zake zote zinaishia katika ulinzi wa siri, na hazibaki za kufikiri.

Tena kuna maneno yasiyobadilishika. Jina lako halina la badala. Ukiulizwa unaitwa nani, hakuna pa kukimbilia. Na Qur'an haibadiliki. Huwezi kulitoa neno la Allah ukaweka lako kwa sababu lile ni zito kwako. Ndiyo maana kwa mtoto wa Kiislamu madrasa huwa ndiyo mahali siri inapofikia mwisho wake. Mahali hapo tunapaswa kupafanya salama kuliko pote, na mara nyingi ndipo panapotisha kuliko pote.

Je, kunyamaza ni kosa?

La. Hapa nataka nieleweke vizuri, hasa na wale wenye hamasa ya kumwambia kila mtoto "jitangaze, usiogope." Kigugumizi si dhambi hata kiungamwe, wala si ila ya bidhaa hata muuzaji alazimike kuionyesha kwa mnunuzi. Mtoto asiyewaambia watu hajamdanganya mtu. Ni habari ya mwili wake. Akiisema ni haki yake, akiinyamaza ni haki yake, na akimwambia huyu akamwacha yule ni haki yake pia.

Kwa sababu ni haki yake, sisi hatuna. Mtume (S.A.W.) ameifafanua ghiba kuwa ni kumtaja ndugu yako kwa jambo analolichukia, na alipoulizwa itakuwaje kama jambo hilo ni kweli analo, akajibu kwamba hiyo ndiyo ghiba yenyewe, na kama hana basi umemzulia. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.). Kwa hiyo kusema "si ni kweli ana kigugumizi?" hakumtoi mtu katika dhambi. Kunamwingiza.

Na Surat Al-Hujurat, aya ya 11, imekataza watu kudharauliana, kutiana aibu na kuitana kwa majina mabaya. Wako watakaotoa hoja kwamba vitabu vya hadithi vimejaa majina kama Al-A'raj, yaani mwenye kuchechemea, na Al-A'mash, mwenye macho dhaifu. Ni kweli. Imam An-Nawawi katika Riyadhus-Salihin ameyataja haya miongoni mwa mambo sita yanayoruhusiwa: kumtambulisha mtu kwa sifa ambayo hajulikani ila kwayo, kwa sharti kwamba isiwe kwa kumshusha, na kwamba kama kuna njia nyingine ya kumtambulisha, hiyo ni bora. Mtoto wa mtaani kwetu ana jina, ana baba, ana mtaa na ana nambari ya nyumba. Njia za kumtambulisha zipo nyingi.

Na anapokuja mtoto akakwambia mwenyewe, amekuwekea amana. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba mtu akisema jambo kisha akageuka kutazama kama kuna anayesikia, jambo hilo ni amana. Mtoto anayekunong'oneza nje ya msikiti huku akiangalia huku na huku ametimiza maelezo hayo yote. Usiipeleke habari yake kwa mwingine, hata kwa nia ya kumsaidia, mpaka umuulize yeye.

Vipimo vinne vya wakati

Nilimwambia yule mvulana kwamba uamuzi ni wake, lakini nina vipimo vinne vya kumsaidia kupima. Ninaviandika hapa kwa sababu nimeviona vinamfaa hata mwanafunzi wa chuo.

Cha kwanza: mwambie Allah kwanza. Musa (A.S.) alianza hapo. Mtoto aliyekwishazoea kulisema jambo lake katika sijda, kwa lugha anayoiweza na bila haraka ya mtu yeyote, analisema mbele ya binadamu likiwa si jipya tena mdomoni mwake.

Cha pili: anza na mtu mmoja unayemwamini, si na umati. Musa alimtaja Harun. Kila mtoto ana Harun wake. Akiwa bado hajampata, aruhusiwe kungoja.

Cha tatu: sema kabla ya jambo, usingoje ukiwa katikati ya kukwama. Wakati ulimi umefungwa na macho ya watu yamekutumbukia, si wakati wa kujieleza. Siku moja kabla, wakati wa utulivu, sentensi mbili zinatosha.

Cha nne: sema bila kuomba radhi. "Nisamehe, nina tatizo" inamfundisha msikilizaji kwamba kuna kosa. "Nina kigugumizi, nitachelewa kidogo, naomba ningoje nimalize" inamfundisha cha kufanya. Watafiti wa usemi wamelipima jambo hili na kuona kwamba wasikilizaji humpokea vizuri zaidi anayejieleza kwa utulivu kuliko anayejieleza kwa kuomba radhi. Tumeliona katika Qur'an: Musa hakuomba radhi kwa ulimi wake. Aliomba msaada.

Mvulana alikwenda na vipimo hivyo, na alivitumia kwa njia yake, si kwa yangu. Aliwaambia kwanza wavulana wawili anaokaa nao mkekani. Mama yake alijua siku zote, lakini hawakuwahi kulizungumza, akazungumza naye. Maalim alimwacha kwa wiki tatu nzima. Nilikuwa namfundisha kila Jumamosi, ninajua kila kitu, na maalim aliketi hatua tano kutoka nilipo. Sikusema, kwa sababu hakuwa amenituma. Nawaambia ukweli, kunyamaza kule kulikuwa kazi ngumu kuliko kufundisha.

Wiki ya nne alimfuata maalim mwenyewe baada ya swala ya Alasiri. Maalim ni mzee wa heshima na ukali. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza swali moja: "Unataka usome, au hutaki?" Mtoto akasema anataka, lakini na mwenzake. Basi wakasoma Ad-Dhuha wawili, sauti mbili pamoja, kama alivyokwenda Musa na Harun. Katika aya mbili mwenzake alitangulia, akasimama, akamngoja, wakaendelea. Watu wengi mle ndani hawakujua kuna nini. Waliokuwa wamechaguliwa kujua, walijua.

Sitawaambia kwamba kila kitu kilitengenea. Yupo kijana mtaani kwao ambaye bado anamuiga njiani. Firaun hakosekani. Lakini mtoto huyu sasa ana watu watano wanaojua kwa sababu yeye amewaambia, na anayemuiga hana siri ya kumfichulia mtu.

Sisi tufanye nini?

Ndugu zangu, mtoto hawezi kuamua vizuri wakati wa kusema kama sisi hatujawa watu wa kuambiwa.

Tujifunze kusikiliza. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akizungumza kwa utulivu kiasi kwamba mtu akitaka kuyahesabu maneno yake angeweza. Anas (R.A.) amesema alikuwa akilirudia neno mara tatu ili lifahamike. Utaratibu wa kusema ni Sunna, na haraka yetu ya mjini si Sunna. Mtu akikwama mbele yako, usimmalizie neno, usimwambie "tulia, vuta pumzi," usiangalie simu. Mtazame kama unavyomtazama mtu yeyote, ngoja, kisha ujibu alichosema, si namna alivyosema.

Tuchunge nyuso zetu. Tunaijua Surat Abasa: Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa ameshughulika na wakubwa wa Kureshi akitumai wasilimu, uso ukakunjwa, na aya zikashuka. Ibn Ummi Maktum hakuuona uso ule, na bado Allah Hakuliacha lipite. Mtoto mwenye kigugumizi anauona uso wako. Anauona kila mara. Na tukumbuke Ibn Ummi Maktum alifikia wapi: alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal (R.A.), na aliachiwa Madina aisimamie zaidi ya mara moja.

Nikimtaja Bilal, kuna maneno yanayozunguka kwamba alikuwa akiitamka shin kuwa sin katika adhana na kwamba sin yake kwa Allah ni shin. Wataalamu wa hadithi, akiwemo Ibn Kathir, wamesema maneno hayo hayana asili. Tusiwafariji watoto wetu kwa lisilothibiti wakati lililothibiti lipo. Lililothibiti ni hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) katika Bukhari na Muslim: mwenye ustadi wa Qur'an yuko pamoja na Malaika watukufu, na anayeisoma huku ulimi ukimkwama na kuona uzito ana malipo mawili. Neno la Kiarabu lililotumika katika hadithi hiyo, yatata'ta', ni la mtu anayesitasita na kukwama. Kila mwalimu wa madrasa aliandike ukutani kabla hajaitundika fimbo.

Na tusiwafungie milango kwa jina la dini. Wapo wanaodhani mwenye kigugumizi hawezi kabisa kuswalisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi, An-Nawawi katika Minhaj ameandika kwamba kumfuata imamu anayerudiarudia herufi ya taa au ya faa ni makuruhu. Makuruhu, maana yake swala inasihi. Asiyekwama ni bora atangulizwe akiwepo. Lakini asiyekuwepo, au ikatokea mwenye kigugumizi ameswalisha, swala za watu ziko salama. Na swala yake mwenyewe ndiyo zaidi, kwa kuwa Allah Haikalifishi nafsi isichokiweza.

Hapa chuoni pia tuna la kufanya. Mwanafunzi mwenzako anapotakiwa kuwasilisha kazi mbele ya darasa akakwambia "wewe sema, mimi nitaandika," usimwite mvivu, wala usikimbilie kumuuliza kama ana kigugumizi. Mwambie tu kwamba ukihitajika kuwa Harun, upo. Akitaka atasema. Asipotaka, ulichomwambia kitamfaa siku nyingine.

Mimi mwezi ujao natetea tasnifu yangu mbele ya jopo la walimu watatu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mwenyekiti wa jopo nikamwambia kwamba nina kigugumizi, kwamba nitahitaji muda kidogo zaidi, na kwamba ningependa maswali yasirudiwe nikiwa katikati ya jibu. Wengine wawili sijawaambia bado. Nitawaambia siku ile asubuhi, au sitawaambia. Bado naupima wakati.

Tunamuomba Allah (S.W.) Awakunjulie vifua watoto wetu ambao ndimi zao ni nzito, Awape akina Harun wa kuwashika mkono, Awaepushe na kejeli za akina Firaun wadogo wa mitaani na madarasani. Atujaalie sisi kuwa watu wa kutunza amana, wenye masikio yanayongoja na nyuso zisizokunjwa. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.